Koleo la Mama Halima

Baba mpendwa,

Garissa kuna joto hata maji ya kunawa yanachoma. Leo sokoni Mama Halima, mfugaji kutoka Hadado, alihasi beberu kwa koleo. Aliibana mishipa ya korodani juu ya ngozi, damu haikutoka, beberu akarudi kula. Akaniuliza nyumbani tunafuga nini.

"Nguruwe."

Alifuta koleo lake.

"Nyinyi nahasi na nini?"

"Wembe."

"Bila ganzi?"

"Bila."

"Astaghfirullah. Mimi sili, lakini hiyo mnyama pia nasikia uchungu."

Daktari wa mifugo hapa anasema koleo halifai nguruwe, ila ipo chanjo ya sindano mbili inayohasi bila kukata. Nitakuja nayo. Mimi ndiye huwashika ukikata, Baba, na sitawashika tena.

Mungu akutunze pamoja na Mama.

Wambui wako