Mwanamke wa Ubeti wa Pili

Mutakura, Bujumbura

Mke wangu Mama Zuhura,

Salamu zikufikie hapo Ujiji, wewe na mtoto. Meno ya Zuhura yameshatoka? Na mgongo wa mama umepata nafuu? Mimi mwili ni mzima na kazi ya kunyoa inakwenda, ila kuna jambo na sitalizungusha. Nina wivu, mke wangu. Wiki nzima ninao.

Kuna rapa wa mtaa huu, anajiita Kibiriti, namnyoa kila Ijumaa. Ana ugomvi na rapa mwenzake wa mtaa wa Carama. Kila wimbo ukitoka, vijana hujaa saluni kwangu kutafuta nani karushiwa kijembe, na mimi ndiye hakimu wao. Nikishasema mstari huu maana yake hii, basi, wanaondoka nayo.

Wimbo mpya ulipotoka, ubeti wa kwanza ulikuwa matusi yao ya kawaida. Wa pili ukamtaja mwanamke anayekunja shuka nyeupe peke yake, ncha moja kaibana kidevuni.

"Ile ni bendera," akasema fundi pikipiki, jirani yangu. "Mutu wa Carama ameshaomba amani."

"Apana, ni bibi yake," akabisha mwenzake. "Anakunja vitu, anamukimbia."

Wakanigeukia. Nikajifanya natafuta kitana, kwa sababu mwanamke yule alikuwa pia na kovu la mafuta ya moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na sufuria ikichelewa kuchemka huigombeza kama mtu. Sasa huyo ni nani kama si wewe?

Nikakumbuka Kibiriti aliwahi kwenda kuimba Kigoma. Nikakumbuka zile siku mbili hukupokea simu, ukasema chaji iliisha. Nikajumlisha mwenyewe mpaka nikamwona kakaa jikoni kwangu, anakunywa chai kwa kikombe changu.

Ijumaa akaja. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikashika wembe, nikamuuliza mwanamke yule kamjulia wapi. Akanitazama kwenye kioo, kashangaa kweli.

"Si we ndiye ulinihadithia? Kila Ijumaa, mwaka muzima. Mi nilijua utafurahi."

Ni kweli nilimwambia. Nikinyoa naongea, na nikiongea nakuongelea wewe. Nikamnyoa vibaya siku hiyo, upande mmoja juu, mwingine chini. Vijana nao nikawaambia ni bendera, na mtaa mzima umeamini.

Ungedhani wivu umekwisha. Wapi. Yule bwana kayapanga maneno yangu yakapendeza, wasichana wa mtaa wa Mutanga Nord wanayaimba bila kukosea. Mimi mwenyewe nikikupigia simu ni unga, kodi na mvua. Sifa zako zote nilimpa mteja, wewe sikukuambia hata moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya kuchua naituma. Msalimie kaka yako fundi cherehani, na shangazi anayekusaidia na mtoto.

Idi nakuja, na nitakwambia yote kwa mdomo wangu, hata kama sitayapanga vizuri kama yeye. Wimbo ule ukipigwa redioni huko, zima. Na kama umeshausikia, nidanganye tu kwamba bado haujafika.

Mumeo,
Baba Zuhura