Pale Shingoni mwa Shimo

Masara,
14 Agosti 1996

Kwa rafiki yangu Gisiri,

Pokea salamu zangu, zina vumbi la huku Masara. Mimi ni mzima. Nalirudia neno hilo, mzima, kwa sababu barua yako imenijulia hali kama mtu anayeaga marehemu. Mkeo Nyangi hajambo? Mtoto je? Na wewe umeyazoea magongo?

Ni kweli nimekonda. Wiki moja baada ya ajali yako Filister wa duka la mahindi pale Migori alinipima kwa mizani ya magunia, nikawa kilo mia moja na nane. Leo ni themanini na moja. Wale wa baiskeli za boda boda walikuwa wakiniona wanajifanya kupiga pampu. Sasa natembea kila asubuhi, na mawe yangu ya dhahabu naponda mwenyewe. Kuna jioni nilikaa mbele ya chapati za mke wangu Risper machozi yakanitoka, kisha nikaondoka bila kuzigusa.

Watu hawakukawia. Wengine wanasema ni ule ugonjwa, wengine wanasema ni chira, kwamba nimevunja mwiko wa nyumbani. Shangazi yangu alikuja kutoka Mfangano na chupa ya dawa za miti, akanisihi ninywe kabla sijafa. Nilimshukuru, nikambebea mzigo wake mpaka stendi, nikamwambia awaulize wanaonizika kama maiti hubeba gunia. Ulimi hauna mfupa, waache waseme. Mimi siachi.

Na wewe pia umeniomba niache kujikondesha. Umesema mwili ule ndio uliokuvuta siku shimo langu lilipoporomoka, na kwamba mtoto umembatiza Boaz, jina langu. Gisiri, hapo siwezi tena kunyamaza.

Si mimi niliyekuvuta. Nilitangulia kushuka kukutafuta kwa kiburi cha mwenye shimo, nikakwama tumbo pale shingoni, shimo linapobana, mbele siendi, nyuma sirudi. Nilikusikia ukiita mpaka ukazimia. Walinifunga kamba wakaning'oa, ndipo Makori, yule mwembamba tuliyekuwa tukimcheka, akapita akakutoa. Ulipofumbua macho nilikuwa nimekubeba. Ulinishukuru, nami nikapokea shukrani. Daktari aliniambia kwamba ungefikishwa mapema mguu ungebaki. Naona aibu kuliandika hili, lakini nimeliandika.

Jumanne nilishuka. Nilipita pale shingoni bila kugusa ukuta, nikafika penye jiwe lililokushika. Nimefika, mwaka mzima nimechelewa. Ukinichukia ni haki yako, hata usipojibu barua hii. Ila usiniombe tena ninenepe. Watu sita hushuka humo kila siku, na akikwama mmoja wao nitakayetangulia ni mimi.

Risper anamsalimu Nyangi, na shangazi anawaombea nyote, mimi zaidi. Mpe mkono huyo mtoto wenu, na mumwite Makori.

Ni mimi,
Boaz, kilo themanini na moja.