Nyaya Tatu Kifuani

4 Machi

Shikamoo baba yangu,

Natumaini hamjambo nyote wawili hapo nyumbani. Mimi sijambo, ila zamu mpya za kiwandani zinatukamua kwelikweli.

Sasa nisikuzungushe. Mama ameniambia ulishika meza ya karakana usianguke, na si mara ya kwanza. Akikutajia hospitali, unasingizia moshi wa lehemu. Kwa kuwa sijawahi kukuona ukikataa kifaa, nakutumia hiki kidogo, bodi ya saketi inayoenea kiganjani. Kinasoma umeme wa moyo. Kina nyaya tatu zenye stika: moja bandika kifuani kulia, ya pili kushoto, ya tatu chini ya mbavu. Unganisha na skrini niliyoiweka humo ndani, utaona mstari ukiruka juu kila moyo unapopiga. Tumia betri tu, baba. Usithubutu kukichomeka ukutani wakati umejibandika. Ni kifaa cha kujifunzia, si cha hospitali, lakini kitakuonyesha kitu. Nichoree unachokiona.

Wako,
Kitindamimba

19 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, mama. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu na anasema kwenye picha umekonda. Mimi nakula, nalala, nazozana na wateja kama kawaida.

Mzigo umefika. Nilikilehemu kwenye skrini siku hiyohiyo, kazi za watu nikaziweka kando. Mwenye feni amenuna mpaka leo. Nilifurahi kama mtoto kuuona mstari ukitembea. Lakini mwanangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mstari unapiga vizuri mara kadhaa, halafu unalala chini kabisa, mpaka nadhani betri imekwisha, kisha unaanza tena. Simu yangu ya vitufe haipigi picha, kwa hiyo nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Nimelehemu upya viungo vyote. Nimebadilisha nyaya, betri, hata stika. Nimeizungushia bodi karatasi ya foili, nikidhani ni cherehani ya umeme ya jirani inayoingiza kelele. Wapi! Mama yako alinikuta kifua wazi, akaniuliza tangu lini nimekuwa redio.

Mrudie huyo aliyekuuzia, akupe nzima.

Baba yako

27 Machi

Shikamoo baba,

Hujambo? Safari hii nauliza kwa kumaanisha.

Nimeutazama mchoro wako mpaka chai ikapoa. Bodi hiyo niliijaribu kifuani mwangu kabla ya kuifunga kwenye boksi, na mstari ulikwenda sawasawa. Redio ikikoroma, wewe hubadilisha stesheni kwanza kabla hujashika bisibisi. Basi mbandike mtu mwingine. Mbandike mama. Usiguse waya wowote, badilisha mtu tu. Kisha niandikie, hata maneno mawili.

Kitindamimba wako

15 Aprili

Baba, shikamoo.

Hujajibu. Nikipiga simu hupokei, na mama anasema uko karakana, basi. Sijakukasirikia. Nina hofu tu, na hofu ya mbali haina pa kwenda.

Mwanao

22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na usinune. Simu niliikwepa kwa sababu ungeisikia sauti yangu.

Nilimbandika mama yako jioni moja baada ya kula. Akacheka, stika zilikuwa baridi. Mstari wake ukaenda bila kuruka pigo hata moja. Nikajibandika mimi, ukalala. Nikambandika yeye tena. Akaniuliza inasemaje. Nikamwambia, "Bodi ni nzima." Alielewa kabla yangu, akaenda kunitafutia viatu vya kutokea.

Hospitalini wakanipima kwa mashine yao kubwa. Daktari ni binti wa rika lako. Akasema umeme wa moyo wangu unakatika njiani, na tiba yake ni kifaa chenye betri, kinazikwa chini ya ngozi karibu na bega, waya wake unaingia moyoni na kuushtua ukichelewa. Nikamuuliza betri inadumu kiasi gani, waya ukikatika inakuwaje, nani atakuja kuibadilisha. Akanijibu yote bila kuchoka. Alipomaliza nikamwambia nitafikiria, nikajiondokea.

Naogopa, mwanangu. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayefungua. Nimeona vitu vilivyoingia karakana vikiimba, nikavifungua kwa nia njema, na havikuimba tena. Hilo sijamwambia mama yako.

Baba yako

26 Aprili

Shikamoo baba,

Nimelia, nimenawa uso, sasa naandika.

Sitakuambia usiogope, maana hata mimi naogopa. Lakini watu wanakuletea vitu wanavyovipenda, wanakuachia mezani na kwenda zao, bila kujua utafanya nini humo ndani. Wanakuamini tu. Mwamini huyo binti kidogo, kama wao wanavyokuamini wewe. Bila kifaa hicho, siku moja mstari utalala na hautaamka, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Nimeomba ruhusa kazini. Mwambie akupangie siku, nitakuwepo.

Kitindamimba wako

6 Mei, hospitalini

Baba,

Leo sikuamkii humu, nitakuamkia uso kwa uso.

Wamekuingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Umeniachia saa yako mkononi, na bado ukapata nguvu ya kumwambia daktari ahesabu skrubu zake kabla ya kufunga. Alicheka, mimi nilishindwa. Mama yuko hapa kwenye benchi, ameniegemea begani na amefumba macho, lakini najua halali. Naandika ili nisihesabu dakika kwenye saa yako.

Nilikutumia ile bodi nikitaka ikutishe kidogo tu, uende ukapimwe, uambiwe huna kitu, urudi ukinisema. Sikutaka iwe kweli. Nakuhitaji, baba. Nataka uzeeke mpaka unichoshe.

Muuguzi amekubali kuiweka karatasi hii chini ya mkono wako. Ukiisoma, basi umeamka. Mimi niko hapa nje, siendi popote.

Kitindamimba wako

6 Mei, jioni

Mwanangu,

Mwandiko uuvumilie, mkono bado mzito. Nimeisoma.

Ingia, uje na mama yako.

Baba yako