Sponji ya Bega la Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mazoezi asubuhi, dirishani. Nimeshika nondo kwa mikono miwili, nyonga nimeisukuma upande, pumzi naipeleka kwenye ubavu wa kushoto, ule uliobonyea. Bi Bahiya wa nyumba ya mbele – kichochoro chetu chembamba, anaweza kunipa chumvi bila kutoka kwake – akaniuliza nimefungwa kwa kosa gani. Nikamwambia nasafisha dirisha. Akanitazama. Kitambaa sina!

Mama hataki mtu ajue. Msichana aliyepinda uti wa mgongo ataolewa na nani? Nina miaka kumi na tano. Nataka kwanza kumaliza kidato cha tatu.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Kliniki. Khawla wa Tunguu, mwenzangu wa mazoezi, naye amekuja. Yeye amepinda upande wa pili, tukisimama pamoja mbele ya kioo tunafanana na mabano. Katikati pametosha kuandikwa neno.

Nilimwambia Bi Fathiya, anayetufundisha mazoezi, kwamba nataka kunyooka kabla ya harusi ya dada Salhiya. Alinirekebisha bega kwanza, ndipo akajibu.

"Mie sikufundishi uwe rula, Saadiya. Nakufundisha uubebe mgongo wako, usizidi kupinda."

Lakini amesema mabega yamekaribia kulingana. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mkuu wa wilaya.

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Ugomvi. Keshokutwa harusi. Ukumbini ni wanawake watupu, kila mtu atavua buibui aonyeshe sare yake. Mama anasema mimi nisivue. Nikiulizwa, nina homa. Homa imeshapangiwa siku!

Nimelia. Nina dada mmoja tu, nataka kumchezea harusi yake nikiwa nimevaa kama wenzangu, si kukaa pembeni na bibi wagonjwa wa magoti.

Mama mdogo Ulfat, ndiye anayetushonea, akaniokoa. Eti gauni langu alilishona "kwa akili" tangu kabla ya Ramadhani, hakuna atakayeona kitu. Mama amekubali, kwa sharti: yeye akiona kitu, buibui linarudi mwilini.

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Naandika kwenye simu, chumba cha kuvalia, ukumbini Chukwani.

Akili ya mama mdogo ni sponji! Ameishonea ndani ya bega la kushoto, lililokuwa chini, ili lilingane na la kulia. Ila alinipima kabla sijaanza mazoezi. Sasa bega lenyewe limepanda, na sponji iko juu yake. Nimepinda upya, upande wa Khawla. Mama mdogo alinizunguka, akarudi kunizunguka tena, halafu akaniuliza kwa hasira kabisa:

"Nani kakwambia unyooke? Mie nshakupima!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwona mama mlangoni, buibui langu mkononi, kicheko kikaisha.

Mama mdogo akaanza kujieleza. Mama hakumsikiliza, akaniambia nivue gauni. Nikajua imekwisha, ndiyo homa hiyo. Nikamwambia bila kumtazama kwamba naona uchungu, miezi yote hii nimejitahidi.  Aliweka buibui kitini, akachukua mkasi, akaanza kufumua sponji mwenyewe.

Bado anafumua. Mimi nimekaa na shimizi. Nje ngoma imeanza, wanamwita mdogo wa bi harusi, mama mdogo amekwenda kuwatuliza. Bila sponji bado si rula, najua. Anayejua kutazama ataona.

Mama ameweka mkasi chini.

"Hebu geuka nikuone."

Tangu ile picha ya eksirei ya hospitali mama hajautazama mgongo wangu. Hata nguo huniachia nje ya mlango wa choo akaondoka. Nimegeuka. Kidole chake kinashuka kwenye uti, taratibu, kinafuata kona yote. Nje wameniita tena. Mimi sitaki aharakishe.