Kifundo cha Alumini

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba mgongo umekupa nafuu kidogo. Sisi huku hatujambo, ukiniuliza kwa kifupi. Ukiniuliza kwa kirefu, soma mpaka chini.

Najua ni miaka miwili tangu nikuambie maneno yale mlangoni kwako. Siandiki kuyafuta, wala siandiki kuyarudia. Nina shida ya kazi, na mtu pekee ninayemjua anayeielewa kazi hiyo ni wewe. Ningekupigia, lakini shangazi ameniambia masikio yako sasa yamegoma kabisa, simu unaiona ikitetemeka tu.

Mguu wa bandia wa mume wangu umepasuka kwenye kifundo, pale bomba linapoungana na unyayo. Waliomtengenezea wanasema kipande kingine kitafika baada ya miezi mitano. Na yeye amepata kazi, baba. Kutandaza nyaya za umeme kwenye jengo la ghorofa tatu, kazi ya kwanza tangu ajali. Wanamtaka tarehe ishirini na nne. Mtu huyu amekaa kwenye kiti kimoja miaka miwili akitengeneza redio za watu. Jana alinyoa ndevu bila kuambiwa.

Mimi nina ile mashine ndogo ya kuchongea vibao vya milangoni. Ipo chumba cha nyuma, juu ya meza. Nachora kwenye kompyuta, kompyuta inaiongoza biti, biti inakata. Mbao inazikata kama siagi. Nimejaribu alumini, nimevunja biti tatu. Alumini inayeyuka na kuganda kwenye meno ya biti kama ugali kwenye mwiko, na mashine inapiga ukelele mpaka jirani kaja kuuliza tunamchinja nani.

Nifanye nini?

Mwanao.


8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, nami nipo.

Mwandiko wako nimeutambua kabla sijaifungua bahasha. Nimeiweka mezani, nikaenda kuchota maji, nikarudi. Basi. Tuseme ya kazi.

Biti yako ina meno mangapi? Kama ni manne, iweke kando. Tafuta ya jino moja, maana alumini inataka nafasi ya kutokea. Ukate kidogo kidogo, unene wa karatasi mbili kwa mpito mmoja, lakini usiende polepole. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wakiogopa, wanapunguza mwendo, biti inasugua badala ya kukata, joto linapanda, alumini inanata. Tazama kinachotoka. Ukiona unga, unasugua. Ukiona vipande vilivyojikunja kama kucha zilizokatwa, unakata.

Upepo upige pale pale biti inapokata, vipande visirudi chini yake. Kipande kibanwe pande zote, kikiteleza, kitaruka. Na miwani uvae. Usinijibu kwamba umevaa, ivae.

Hukuniambia alumini yenyewe umeitoa wapi. Niambie kabla hujakata.

Msalimie mwenzako, kama anapokea salamu zangu.

Baba yako.


16 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila nyusi zangu za kushoto zimepungua, na nitakueleza.

Biti ya jino moja nimeipata. Nimevaa miwani. Vipande vimetoka kama kucha, vingi, vinang'aa, mpaka ndani ya viatu. Nilisimama nikivitazama kama mjinga. Kisha nikasoma mahali kwamba spiriti inapoza biti, nikanyunyiza nyingi, cheche ikatoka kwenye mota, meza ikashika moto. Mume wangu aliingia akirukaruka kwa mguu mmoja, blanketi mkononi, akaufunika. Tuliketi sakafuni tunakohoa. Akaniambia, "Usimwambie baba yako." Ndivyo ninavyojua kwamba anajua ninakuandikia.

Nimekata viwili, vinafanana kama mapacha. Kimoja kipo kwenye mguu wake tangu jana. Anatembea uani huku na huku, anajidai. Cha pili nakutumia kwa basi ukikague.

Alumini nimeipata kwa wale wanaoyeyusha sufuria kuukuu na kumwaga upya. Walinimwagia bamba nene zuri, nikalisawazisha juu. Ningekungoja ujibu, lakini siku hazingoji.

Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na nne, anaanza. Niombee.

Mwanao.


24 Machi, saa nne asubuhi
(ujumbe wa simu, kwa mkono wa jirani)

Mimi jirani wa baba yako. Anasema niandike anavyotamka. Mzigo umekaa kituo cha basi siku saba, ameupata leo. MVUE HUO MGUU. Asipande ngazi. Asipande popote. Amekibana kipande kwenye jiliwa akakigonga kwa nyundo, kimekatika mara ya nne. Ndani kina vitundu kama mkate. Anasema jibu ukiusoma. Amesimama hapa, hataki kukaa.


24 Machi, jioni

Mwanangu,

Jirani amekupigia mara sita, hupokei. Namkabidhi barua hii dereva wa basi la kesho alfajiri. Sijui utaisoma ukiwa katika hali gani.

Ulivyokata ni sawa. Pembe sawa, matundu sawa, nimepima kila mahali. Kosa liko ndani ya alumini yenyewe. Ya kumwagwa huingia hewa, ikapoa nayo, na juu inang'aa kama nyingine yoyote. Haipindi kukuonya, inakatika tu. Nilikuuliza imetoka wapi, lakini ningeanza na hilo badala ya kujionyesha ninavyojua meno ya biti.

Kuna jingine, na nimelikalia miaka miwili.

Ile presi ya karakana, mashine ya kubana vyuma, iliyomkata mguu mumeo. Niliwaambia wote, wewe, yeye, wenye karakana, kwamba haikutoa dalili. Nilikuwa nyapara, wakaniamini. Si kweli. Siku tatu kabla, niliweka kiganja kwenye ubavu wake ikiwa inafanya kazi, nikahisi inagonga ndani mahali ambapo haikupaswa kugonga. Tulikuwa na kazi ya kukabidhi wiki hiyo. Nikasema moyoni, tutaifungua Jumamosi. Yeye alibanwa nayo Alhamisi.

Ulipokuja mlangoni kwangu ukaniita mzembe, nilikufokea. Ulikuwa hujakosea. Ulikuwa hujui hata nusu.

Nakuandikia haya leo kwa sababu sitaki kunyamaza mara ya pili. Mpe aisome.

Nijibu hata neno moja.

Baba.


30 Machi

Mwanangu,

Siku sita. Jirani anasema simu yako inaita tu. Shangazi yako naye hajui kitu.

Sikudai msamaha. Niambie tu kama yuko hai.

Baba.


5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Yuko hai.

Nisamehe kwa kimya. Yeye ndiye aliyesema nisikujibu mpaka aseme, na safari hii nilimtii.

Ujumbe wako niliusoma saa nne na nusu. Simu yake ilikuwa imezimwa, kwa hiyo nilikimbia. Nilimkuta ghorofa ya pili, yuko juu ya ngazi, karibu na dari, anapitisha waya, ananyanyua mwili kwa ule mguu. Sikupiga kelele, nikihofia angegeuka ghafla. Nikasogea mpaka chini ya ngazi, nikaishika, nikasema polepole, "Baba watoto, shuka. Tanguliza mguu mzima." Nilimwita hivyo na watoto hatuna, sijui nilipotoa neno hilo. Akashuka.

Nilipomwonyesha simu, uso ulibadilika. "Baba yako tena? Siku yangu ya kwanza, na bado baba yako?" Mafundi wengine wote walikuwa wamesimama wanatutazama. Akasema, "Hiki kipande kinafaa. Tazama." Akakanyaga sakafu kwa nguvu zote. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna kitu. Akanitazama kama aliyeshinda. Mara ya tatu kikakatika kwa mlio wa fimbo kavu, akaangukia mkono. Kiwiko ni kizima, kifundo cha mkono kimevunjika. Ametiwa plasta.

Pale sakafuni hakulia. Aliitazama ngazi, kutoka chini mpaka juu, kisha akaitazama tena. Tulikuwa tunafikiria kitu kimoja.

Barua yako ya pili ilifika kesho yake. Nilimpa. Akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mto wa kiti. Siku kumi hakusema neno juu yake. Mimi nilikuwa na maneno mengi, baba, mabaya kuliko ya mlangoni. Bado ninayo baadhi. Leo asubuhi, akiwa anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, akasema, "Nilijua ilikuwa inagonga. Nami niliisikia. Nilidhani mzee akinyamaza basi ni salama." Akanywa tena. "Mwandikie aje. Maneno ayaache, alete alumini ya maana."

Msimamizi wa jengo amesema atamwekea nafasi yake mpaka plasta itoke.

Mwanao.


10 Aprili

Wanangu,

Barua nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili kusomwa.

Nimepata bamba kwa fundi anayeunda matangi ya malori. Limekandamizwa kwa rola kiwandani, si la kumwagwa. Nimekata kipande chake, nikakigonga mara sitini. Kimepinda kama mtu mwenye adabu, hakikukatika.

Nitafika Alhamisi saa sita mchana. Asiyetaka kunipa mkono asinipe, mradi mniruhusu nisimame karibu na mashine.

Baba yenu.


29 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kwamba mgongo haukunung'unikia safari. Sisi wazima. Chumba cha nyuma kinaonekana kikubwa tangu uondoke, ingawa bado naokota vipande vya alumini kila nikifagia.

Plasta imetoka. Jumatatu amerudi kazini. Nilikwenda naye siku ya kwanza, nikakaa kwenye mfuko wa saruji nikajifanya nasoma gazeti. Alipanda ngazi mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili aliniambia niende nyumbani, namwaibisha.

Najua siku nne zile hamkuzungumza zaidi ya "shika hapa" na "zima". Niliwahesabia maneno, hayakuzidi mia. Ulipoondoka kwenda kituoni nilimwuliza kama amekusamehe. Akasema hilo ni swali la watu wenye nafasi, yeye ana nyaya za kutandaza. Sikumbana.

Lakini jana jioni alivua mguu, akaugeuzageuza kwenye taa, akasema nikuandikie. Anasema nikuulize utakuja lini tena, maana kile kifundo kinahitaji kukaguliwa na mtu anayejua.

Kifundo hakina tatizo lolote, baba. Nilikikagua mwenyewe asubuhi, naye alikuwa ananishikia taa.

Njoo.

Mwanao.