Kasha Lililofunguliwa Barazani

Zuhura, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Marahaba. Huku Tongoni tu wazima, ila mume wetu, babu yako, goti linamsumbua na fimbo hataki. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Unaniuliza ufanye nini, maana mkubwa wako wa stoo ya dawa hapo hospitali anataka uweke dawa pembeni kwa ajili ya "watu wetu". Mimi niliwahi kuziweka, tena bila kutumwa na mtu.

Miaka ile ya shida nilikuwa mhudumu wa zahanati hapa. Kasha la dawa lilikuja kila mwezi, nasi tulikuwa tukilifungua ndani, mlango umefungwa. Nikaficha kopo moja la vidonge vya malaria, baba yako, wakati huo mtoto mdogo, asije akaugua tukakosa. Siku moja mganga wa zahanati akamwambia mama aliyebeba mtoto mwenye homa kali, "Dawa zimekwisha." Nilishindwa kuvumilia. Nikalitoa kopo mbele yao.

Mganga hakunigombeza. Kasha lililofuata alilifungulia barazani, watu wamejaa, akainua kopo mojamoja na kulitaja. "Ndizo hizi," akasema. "Ndani hamna nyingine."

Yule mama akafungua pindo la kanga. Ndani yake mlikuwa na vidonge vinne, alivyovibana kwenye dozi ya mwanawe akihofia kukosa siku nyingine.

"Safari hii nitampa dozi yote," akasema.

Mwambie mkubwa wako kasha lifunguliwe mbele za watu. Akikataa, utakuwa umeshamjua.

Bibi yako,
Mwanaisha