Neno Lililofungwa Uzi

Jumatatu, 3 Machi
Binti wa kaka kafika, begi moja na miwani mikubwa. Nimeshambatiza Msomi. Chuo kimemtuma maktaba ya mjini akahesabu neno. Neno moja! "Wazururaji" – magazeti yalivyolitumia miaka ya themanini. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia, mwanangu, umefika penyewe. Baba yako mdogo alikuwa mpanga herufi gazetini, na ukurasa mzima niliusoma kinyumenyume kama maji. Kwa elimu ya darasa la sita tu! Siku moja nililipanga gazeti zima nina homa, macho nimefumba, bila kosa. Mhariri alilia. Mama watoto akadakia: mwaka jana ulisema alizimia.

Jumatano, 5 Machi
Msomi kaniambia alichoona. Mwanzo wa miaka ile neno lilikuwa la wanaolala barazani. Baadaye likawa la wachuuzi. Halafu la mama anayetoka sokoni, la mtu anayengoja basi. Mtu yeyote!

Nikamweleza siri ya kazi. Herufi zilikuwa za madini ya risasi, unaokota mojamoja. Lakini neno lile lilitakiwa kila siku, basi nikalifunga uzi, likakaa zima kwenye kopo la sigara. Mhariri akiita "Lete lile!", nalichomeka. Lilitumika mpaka j ikakatika mkia.

Akaacha kuandika. "Kwa hiyo nikikuta j haina mkia, ni mkono wako?"
"Wa nani mwingine? Hakuna aliyethubutu kugusa kopo langu!"

Nimevimba kichwa mchana kutwa. Jioni, mswaki mdomoni, ndipo nikakumbuka ile picha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeota herufi zinanyesha. Polepole, kama manyoya. Watu wanapita chini yake, kila mmoja inamtua begani, anatembea nayo, hajui. Kaka naye anapita, ananipungia mkono.

Hapa sina wa kumdanganya. Kaka alikuwa seremala, ana kibanda chake. Siku ile anakwenda kumtilia mtu mlango, msumeno mkononi, akazolewa na msako wa polisi. Picha ikaja mezani kwangu. Wanaume sita, wa tatu yeye. Imekatwa kwenye viwiko – msumeno hauonekani. Mhariri akaita "Lete lile!" Ningesema: huyu ni fundi, tumenyonya ziwa moja. Nilikuwa na miezi sita tu kazini. Mkono ukaenda wenyewe koponi.

Wakampakia lori, wakampeleka kulima. Aliporudi kibanda kina mwenyewe mwingine, na kila mteja kaiona picha. Nikamwambia siku ile nilikuwa likizo. Akaamini. Tangu hapo yeye ananitumia salamu, mimi natuma visingizio. Mgongo. Mvua. Mgongo tena.

Jumapili, 9 Machi
Msomi, kwenye magazeti yake, kafika mwezi wa tano wa mwaka ule. Picha ni ya mwezi wa sita. Nikamshauri apumzike, vumbi la maktaba linaua mapafu, namjua mtu lilimuua kwa siku mbili. Akacheka. Mama watoto kanigusa paji la uso: "Tangu asubuhi hujajisifu hata mara moja. Unaumwa?"

Jua la alasiri limelala sakafuni. Nimelitazama mpaka likaondoka.

Jumatatu, 10 Machi
Karudi mapema. Kaweka nakala mezani. Hakuvua hata viatu. Kidole juu ya uso wa tatu: "Huyu namjua." Kikashuka taratibu kwenye maandishi, kikasimama. J haina mkia.

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza hadithi haikutoka!

Akasema, sauti ndogo, baba yake humweleza kila mtu: mdogo wangu angekuwepo kazini siku ile, neno lile lisingewekwa.

"Ulikuwepo, baba mdogo?"

Nikaenda chumbani. Nimechomoa kopo chini ya kitanda. Uzi umekuwa mweusi, neno bado zima. Zito, kama yai la jiwe. Naandika nalo liko mapajani.

Yuko barazani na simu. Namsikia: hajambo, baba, mgongo hauna neno. Halafu: ngoja, nampelekea simu mwenyewe.

Viatu vyake vinakuja ukumbini. Nimeanza kuufungua uzi, fundo gumu – w imetoka, a imetoka –